Kila Mtu Anataka Kuku Wangu

Jumatano, 7 Mfunguo Tisa, 1323

Kishingo ametaga tena ndani ya kikapu cha mamamkwe. Yai limepasukia juu ya miyaa ya mikeka iliyokwisha kutiwa rangi. Nimesemwa mimi, si kuku. Kiota nimemtengenezea. Chungu kilichopasuka nimekilaza pembeni mwa jiko, nyasi laini, giza zuri. Hataki. Anataka kikapu.

Jogoo naye. Mume wangu Mfaume alimpa jina la Akida kwa sababu, kama akida wa Mdachi, anapiga kelele kutwa na hafanyi kazi. Nimemwambia jina hilo litatutia matatani. Anacheka. Sasa nyumba nzima tunamwita hivyo.

Hesabu ya leo kumi na mmoja. Majike kumi na Akida. Kidimu ana siku ya tano juu ya mayai kumi na mawili. Hainuki ila kunywa maji. Huyo ndiye mwenye akili peke yake katika ua huu, na watu nawahesabu humo humo.

Mfaume yuko shamba la pamba la jumbe tangu alfajiri. Mahindi yetu ya bondeni wanakula ndege.

Ijumaa, 9 Mfunguo Tisa

Mamamkwe ameniona naandika. Kasema anajua ninachoandika: hirizi ya kumfunga mwanawe. Nikamsomea ukurasa mzima. Habari za Kishingo na kikapu. Hakuamini. Nimechoka kumweleza kwamba marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, hakujaliwa mtoto wa kiume, akanifundisha mimi herufi. Daftari hili ni lake. Kurasa za nyuma hakuzimaliza. Namalizia mimi, kwa wino wa masizi, na sijamfunga mtu.

Wanaume wamerudi msikitini na habari. Watu wa milimani, Umatumbi, wameng'oa pamba. Maduka ya pwani kule kusini yamechomwa. Kuna dawa, wanasema, maji tu. Ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi inageuka maji. Mfaume amenisimulia mara mbili, kama mtu anayesimulia arusi aliyoalikwa. Sikuupenda uso wake.

Utitiri umeingia bandani. Nimemwaga majivu kila kona. Najikuna mpaka sasa.

Jumatatu, 12 Mfunguo Tisa

Jumbe amepita nyumba kwa nyumba. Askari wamefika, wanakwenda boma la ng'ambo ya mto. Kila nyumba itoe kuku wawili na mayai kumi. Kesho.

Nimekwisha chagua. Yule mweusi anayekula mayai yake mwenyewe, na Kiguru anayechechemea. Najiona mjanja.

Jumanne, 13 Mfunguo Tisa

Sikuwa mjanja.

Askari alimtupa Kiguru chini. Akaingia jikoni mwangu bila hodi, akamwinua Kidimu juu ya mayai. Kampima kwa mkono, kasema huyu mzito. Nikamwambia hana nyama huyo, anaatamia, ni manyoya matupu. Akaniangalia kama ukuta ndio umesema. Wakaenda naye, yeye na yule mweusi.

Mayai yalikuwa na siku kumi na moja. Nilimkamata Kishingo nikamkalisha juu yake. Alikaa muda wa muhogo kuiva, akaondoka zake. Wengine hawataki hata kuyatazama. Jioni yamepoa. Nimevunja moja. Mna jicho ndani.

Nimelia kwa ajili ya mayai. Mamamkwe kasema nalilia kuku. Ndiyo. Nalilia kuku.

Tisa.

Jumamosi, 17 Mfunguo Tisa

Mfaume hayupo tangu Jumatano. Alisema anakwenda Mloka, mjomba wake ana homa. Mtu anayekwenda kumwangalia mgonjwa haondoki akipiga mluzi.

Nimekwenda mimi shamba la jumbe, nimelima mstari wake siku tatu. Asiyefika anachapwa khamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Mgongo wake ameondoka nao, lakini atarudi nao, na ni mimi nitakayeukanda kwa maji ya moto. Mikono imetoka malengelenge. Narudi, nakuta kuku hawajapewa hata chicha. Mamamkwe anasema hawakuomba.

Jumatatu, 19 Mfunguo Tisa

Karudi. Tope mpaka magotini. Mloka hakufika. Alivuka mto.

Shingoni ana kipande cha mwanzi, urefu wa kidole, kimezibwa kwa nta, kimefungwa uzi. Ndiyo hayo maji. Mamamkwe hakushtuka hata kidogo. Alijua. Alimfungia na chakula cha njiani. Mimi nalima mstari wake wa pamba, kumbe mume ni wangu na mimi ndiye nisiyejua kitu.

Masharti ni mengi. Asishikane mikono na mtu hivi, asile vile. Asimguse mke. Amehamishia mkeka wake barazani. Nimemwambia baraza ni ya wageni na yeye sasa ni mgeni, kwa hiyo sawa.

Ana miaka arobaini na goti bovu. Akiinama kufunga mbuzi anaguna. Huyu ndiye anayekwenda kupigana na Mdachi.

Jumanne, 20 Mfunguo Tisa

Leo kanyunyizia kuku. Alichukua tone moja moja kwa unyasi, akawapaka vichwani, wote tisa, akinuia. Ili mwewe asiwaguse, wala askari. Alifanya kwa upole sana. Alinitazama akingoja nishukuru.

Akida alimdonoa mkono.

Alhamisi, 22 Mfunguo Tisa

Kicheche ameingia bandani. Watatu wamekufa. Shingo zimetafunwa, miili ameiacha. Banda linanuka vibaya, mnyama yule ana uvundo usiotoka hata kwa majivu.

Hawakuchinjwa, hata kula hatuwezi. Laiti angekuwa mwizi mwenye adabu, akachukua mmoja akaenda naye.

Niliwapanga wote watatu barazani, mbele ya mkeka wa Mfaume, nikasimama. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Dawa ni ya risasi, si ya kicheche."

Nikamwambia, "Basi kicheche ana nguvu kuliko Mdachi."

Mamamkwe akacheka, akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Mfaume akainuka akaenda kuwafukia. Shimo alichimba refu kuliko inavyohitaji kuku.

Sita.

Jumatatu, 26 Mfunguo Tisa

Wamepita watu sita, mikuki mkononi, mabua ya mtama yamefungwa kichwani. Wanatoka kaskazini, wanakwenda kuvuka. Wakaomba kuku wawili wa njiani. Mfaume akawakamata mwenyewe akawapa, hakuniuliza. Kasema wanakwenda kutupigania.

Askari walichukua wawili kwa amri. Hawa wamechukua wawili kwa kuomba, na mikuki mkononi. Nimetafuta tofauti tangu asubuhi. Wale wa pili walisema ahsante.

Wamebaki wanne. Akida, Kishingo, Kiguru, Madoa. Yaani waliobaki ni mpiga kelele, mpotovu, kilema na mmoja wa kawaida. Nyumba yetu kamili.

Mfaume ataondoka na kundi lingine mwezi ukiandama. Ameniambia wakati nachagua mchele, kama anayesema atakwenda kukata fito. Siku tatu zimebaki. Nimeshindwa kumaliza ule mchele.

Jumatano, 28 Mfunguo Tisa

Tumepata mgeni. Mwanamke wa Umatumbi, jina lake Sikuzani. Amefika adhuhuri na mtoto wa kike mgongoni, hajaanza kutembea, na kuku mmoja mwekundu kwapani. Hana kingine. Hana hata sufuria. Mji wao umechomwa na askari. Amevuka mto kwa mtumbwi wa watu asiowajua, amelala porini siku nne. Kila nyumba ya njia kuu imemwambia nenda mbele.

Mamamkwe alitaka kumwambia nenda mbele. Kasema sisi wenyewe hatuna. Kweli hatuna. Lakini mtoto alikuwa amekwisha tambaa mpaka kwenye pumba za kuku, amejaza mdomo. Nikamtoa pumba mdomoni kwa kidole, na nikishamtoa mtoto pumba mdomoni siwezi tena kumwambia mama yake nenda mbele. Ndivyo nilivyo. Inaniudhi.

Kuku wake amefunguliwa kamba, hata maji hajanywa, akampiga Kishingo.

Ijumaa, 1 Rajabu

Mwezi umeandama.

Mfaume aliamka mapema, akafunga shuka kiunoni, akakaa barazani na mwanzi shingoni akingoja wenzake. Sikuzani alikuwa anafagia ua. Mimi sikumtuma. Aliuona ule mwanzi. Akaweka ufagio chini, akaja akachuchumaa mbele yake, mbali kidogo kwa heshima.

"Kaka," alimwambia, "mume wangu alikuwa nao kama huo. Alikuwa mbele kabisa. Walipopiga mara ya kwanza alianguka, wala hakusema kitu. Nilikuwa juu ya jiwe na mwanangu, namwona. Waliomfuata wakaruka juu yake wakidhani amejikwaa."

Hakulia. Alisema kama anayeeleza njia. Kisha akachukua ufagio akamalizia ua.

Mfaume alimwuliza kama mumewe alivunja sharti lolote. Nilitamani kumpiga na mwiko. Sikuzani akajibu kwamba hajui, labda, mumewe alikuwa mtu wa kawaida.

Wenzake hawakuja. Mpaka alasiri hawakuja. Kasema watakuja kesho. Mwanzi bado uko shingoni.

Jumatatu, 4 Rajabu

Kuku wa Sikuzani anataka kuatamia. Amevimba, ananguruma, anakaa hata juu ya kifuu. Nimekusanya mayai tisa ya wale wangu watatu nikamwekea katika kile chungu cha pembeni mwa jiko. Amekaa kama mwenye nyumba. Mkono ukikaribia anadonoa mpaka damu. Nimempenda sana.

Mtoto amekula mavi ya kuku. Amepona.

Wenzake Mfaume bado. Anakwenda kutazama njia mara kumi kwa siku. Anarudi, anakalia mkeka. Shamba la jumbe haendi. Goti, anasema. Nimekwenda mimi na Sikuzani.

Jumamosi, 9 Rajabu

Askari wamerudi upande huu, wengi. Wanapekua. Mwenye mwanzi anafungwa kamba, anapelekwa ng'ambo. Kutoka mtaa wa juu wamechukua watu wawili Alhamisi. Hawajarudi, na hakuna anayeuliza.

Nimemwambia Mfaume autupe. Mamamkwe naye kamwambia, safari hii yuko upande wangu, sijui nifurahi au niogope. Mfaume kasema ukitupwa chini dawa inamgeukia mwenyewe. Kauficha ndani ya nguo. Mtu mzima.

Sina hasira tena. Nina hofu, na hofu yangu inatoka mdomoni kama hasira.

Jumanne, 12 Rajabu

Niandike yote.

Asubuhi Mfaume alikuwa anaoga uani. Nguo zake na mwanzi amevitundika kwenye wigo. Sikuzani akaja mbio kutoka kisimani: askari wako nyumba ya tatu. Niliunyakua ule mwanzi. Sikuwa na mahali. Paa wanachoma kwa singe, mtungi wanamwaga, vitanda wanageuza. Nikaenda jikoni nikausukuma chini ya yule kuku mwekundu, katikati ya mayai. Akanidonoa mara mbili. Nilimshukuru.

Waliingia wawili, na kijumbe mmoja wa jumbe. Wakampapasa Mfaume, ana maji mwilini, hana kitu. Wakamwaga mchele. Wakapekua sanduku, wakaona daftari hili. Mmoja alilishika juu chini, akauliza ni nini. Mamamkwe, ambaye miezi yote ananiita mchawi, akasema ni dua za marehemu mkwe wake, mwalimu wa chuo. Alisema bila kupepesa. Askari akalirudisha kwa adabu.

Hapo Akida akaingia ndani akirukaruka juu ya mchele. Mamamkwe akasahau. Kasema, "Mtoeni Akida, atatia mavi kwenye chakula."

Askari wote wawili wakageuka kutazama mlango. Yule kijumbe aliangalia chini, nilimwona anauma midomo. Mamamkwe akamnyooshea kidole jogoo. Nilidhani tumekwisha. Kisha askari mkubwa akasema huyo Akida atakwenda nao.

Wakaanza kukamata kuku. Akida, Madoa, Kiguru. Kishingo alikimbilia jikoni na askari mdogo nyuma yake, na huko akamwona yule mwekundu ndani ya chungu. Akainama.

Nikapita mbele yake. Sijui nilipata wapi miguu. Nikamwambia huyo ana mayai mabovu, ananuka, atamwumiza mkono bure, nikamkamata Kishingo mwenyewe nikamfunga miguu nikampa. Akasema anamtaka na yule. Akapeleka mkono. Kuku akamdonoa kwenye kifundo cha mkono, damu ikatoka. Akamlaani, akainua kitako cha bunduki.

Sikuzani akasema, "Bwana, ni wangu huyo. Sina kingine duniani." Alikuwa mlangoni na mtoto. Alisema taratibu sana.

Yule askari ni kijana. Alimtazama Sikuzani, akatazama mtoto, akajinyonya damu mkononi. Akatoka na Kishingo.

Nilijua tumepona.

Hatukupona. Walikuwa na matenga manne ya kuku wa mji mzima na wabebaji watatu. Wakamtazama Mfaume amesimama pale na shuka mbichi. Wakamwambia beba. Akasema ana goti. Wakambebesha. Ameondoka na tenga kichwani, Akida ndani anawika. Hakuruhusiwa hata kuvaa kanzu. Alinigeukia mara moja, akatazama upande wa jiko. Mwanzi, ndio aliokuwa anauangalia. Si mimi.

Jumatano, 13 Rajabu

Nimeutoa ule mwanzi chini ya kuku. Nimeng'oa nta. Maji. Yananuka mto. Nimeyamwaga uani, na mwanzi nimeuchoma jikoni. Kama dawa inamgeukia mtu, na inigeukie mimi.

Nikapika uji. Hakuna aliyeunywa ila mtoto.

Jumamosi, 16 Rajabu

Hakuna habari. Wabebaji hawarudishwi bomani, wanasema. Wanapelekwa mbele na askari, milimani, wabebe risasi na chakula.

Mamamkwe kasema ni mimi. Kama ningemwacha mwanawe avae dawa yake asingechukuliwa. Nimemjibu kwamba kama angemwona mwanawe amefungwa kamba angesema nini. Tumegombana mpaka mtoto akalia. Kisha akaja kuniomba nimsomee tena habari za Kishingo na kikapu. Nikamsomea. Akasema kweli, ndivyo ilivyokuwa.

Uani kimya. Sikujua kama kelele za jogoo zinaweza kukosekana. Nakosa usingizi wa alfajiri kwa kungoja kelele nilizokuwa nazilaani.

Jumatatu, 25 Rajabu

Wameanguliwa saba. Mayai mawili viza. Sikuzani amefukia chungu cha zamani chini ya kichuguu apate mchwa wa kuwalisha. Kwao wanafanya hivyo. Hapa pia tunafanya hivyo, lakini nilimwacha anifundishe.

Mamamkwe amekaa kutwa na fimbo akiwalinda. Mara ya kwanza kumwona akifanya kazi ya kuku.

Nina furaha na nina hasira kwamba nina furaha.

Alhamisi, 5 Shaabani

Mwewe amechukua kifaranga kimoja. Nilimkimbiza mpaka barabarani nikipiga kelele na mwiko mkononi. Watu wametoka kutazama. Nilikuwa nimekwisha maliza matusi yote ndipo nikajua namtukana Mfaume. Goti lake. Mluzi wake. Jinsi alivyotazama jiko. Nikarudi ndani kwa aibu.

Sita.

Jumatano, 11 Shaabani

Chakula kinakwisha. Askari wamepita mara mbili, wamechukua mtama wa jirani. Tunakula muhogo na majani ya kunde. Mamamkwe anasema hana njaa, kila siku hana njaa. Nimegundua anampa mtoto wa Sikuzani sehemu yake akidhani sioni. Nimemwambia akifa na yeye nitamzika peke yangu na sina nguvu. Akala.

Wanasema wabebaji wengi wamekufa kwa kuhara. Wanasema na hili na lile. Nimekataza mtu kuleta habari hapa asipokuwa ameona kwa macho.

Jumanne, 17 Shaabani

Amerudi.

Nilikuwa natoa utitiri kwenye mbawa za mwekundu. Nikaona mtu wigoni, nikadhani mwombaji, nikasema hatuna. Akabaki amesimama. Mabega yamechubuka, mifupa imetoka. Goti limevimba kama nazi. Siku thelathini na tano.

Mamamkwe alimshika uso kwa mikono miwili. Mimi nilikwenda kuchemsha maji. Nilikuwa nimepanga maneno mengi sana ya kumwambia siku hii. Nimemkanda mgongo, sikusema hata moja.

Mwanzi hakuulizia.

Alhamisi, 19 Shaabani

Ameniambia. Tulikuwa wawili, anapukuchua mahindi, hakuinua macho.

Walibeba risasi mpaka milimani. Baada ya vita wabebaji waliamriwa kufukia maiti, wa siku hiyo na walioachwa tangu vita vya kwanza, kwa kuwa askari walitaka kupiga kambi hapo hapo. Walikuwa wengi. Shimo moja, jua kali, haraka, mmoja juu ya mwingine. Kila mmoja na mwanzi shingoni. Kasema mwanzoni alikuwa anawavua, baadaye akaacha.

Nilimwuliza ilikuwa mji gani. Akataja. Ni kwao Sikuzani.

Alirudia kupukuchua. Nikamwuliza kama anataka maji. Kasema ndiyo.

Jumapili, 22 Shaabani

Sikuzani amekwisha jua. Sijui nani kamwambia. Labda ni uso wa Mfaume. Hawezi kupita alipo yule mwanamke, anazunguka nyumba.

Leo Sikuzani alimngoja njiani mwa kisima. Nilikuwa nyuma yao na mtungi. Hakumwuliza alimwona mumewe au la. Alimwuliza hivi tu:

"Kaka, mliwalaza kibla?"

Mfaume alisimama. Kisha akasema, "Tuliwalaza kibla. Kila mtu na kaburi lake."

Sikuzani akaitikia kwa kichwa. Akajitwisha mtungi akatangulia.

Kwangu alisema shimo moja. Nimemtazama mume wangu, naye akanitazama, akangoja nimseme. Sikumsema. Sijamkasirikia. Ni mara ya kwanza mwaka huu.

Jumanne, 2 Ramadhani

Saumu ya pili. Mvua imenusa tu, haijanyesha. Vifaranga sita, wanne kati yao nadhani majogoo. Ndiyo bahati yangu.

Mfaume ameondoka baada ya daku akichechemea, na jembe, kwenda bondeni. Amerudi adhuhuri, midomo imekauka. Nikamwambia konde letu tulikwisha lilima, mimi na Sikuzani, Shaabani nzima. Kasema anajua. Amefyeka kipande kingine, pembeni mwa letu, kile cha vichaka. Nimemwuliza cha nani.

"Cha mwenzetu," akasema. "Apande mpunga wake."

Sikuzani alikuwa karibu, anapepeta. Alisikia. Ungo ukasimama kidogo mikononi mwake, kisha ukaendelea.